Nungunungu wa Bahari: Kabla Hujapeleka Hela ya Korosho Baharini, Soma Hapa



Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, maswali ninayoulizwa hapa Chilangala hubadilika. Kabla ya hapo ni ubwiriunga, salfa na mbu wa mikorosho. Baada ya hapo ni "Afisa, hela hii niipeleke wapi?" Safari hii vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wamenionyesha kwenye simu video za aina moja. Mtu anapasua mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, anachota kitu cha rangi ya chungwa kwa kijiko, na maandishi yanataja bei ya kutisha kule Japani. Halafu swali: "Hawa si wapo kibao huko Mtwara? Kwa nini tusiwakusanye tuuze?"

Mimi ni mtu wa mazao, lakini swali la hela ya mkulima ni swali langu pia. Jibu fupi ni hili: kwa sasa usiweke hela yako kwenye kuokota wanyama hao. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na linamfaa hata yule ambaye hajawahi kukanyaga maji ya chumvi. Linahusu jambo lilelile linaloamua mavuno ya korosho zako: nani anamla nani shambani.

Ni mnyama gani huyu?

Wavuvi wa pwani wana majina mbalimbali kwa wanyama hawa kufuatana na mahali na aina. Hapa nitamwita nungunungu wa bahari, maana nungunungu anayechimba mihogo yetu kila mtu anamjua. Huyu wa bahari ni wa mviringo, ana gamba gumu la chokaa na miiba pande zote. Mdomo uko chini ya tumbo, una meno matano. Wapo wenye miiba mirefu myeusi inayochoma hadi ndani ya mguu, na wapo wenye miiba mifupi wanaokaa kwenye nyasi za baharini. Ni ndugu wa karibu wa jongoo bahari na kiti cha pweza.

Kazi yake kubwa ni kula. Anakula mwani unaoota juu ya mawe na matumbawe, na wengine wanakula nyasi za baharini. Kwa lugha yetu ni palizi ya bahari. Tumbawe ni mnyama mdogo anayejenga mwamba polepole sana, na mwani ukiachwa unamfunika kama magugu yanavyofunika mche mchanga wa mkorosho. Penye palizi ya kiasi, matumbawe yanapata mwanga na nafasi, samaki wanapata mahali pa kuzaliana, na mvuvi anapata kitoweo.

Neno la kushika hapo ni "kiasi".

Wakizidi, wanakula shamba lenyewe

Tuanze na upande wa pili wa mpaka. Tangu miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, wamekuwa wakihesabu nungunungu wa bahari kwenye miamba ya Kenya. Walilinganisha miamba inayovuliwa kila siku na miamba iliyo ndani ya hifadhi za zamani kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968. Waliyoyakuta ni rahisi kuyaelewa. Ndani ya hifadhi, nungunungu walikuwa wachache na matumbawe mengi. Kwenye miamba iliyovuliwa kupita kiasi, nungunungu walijaa na matumbawe yalikuwa hafifu.

Sababu ni kwamba wanaomla nungunungu walikuwa wamekwisha. Mkubwa wao ni kikande. Wengi wenu mmemwona sokoni: samaki mwenye ngozi ngumu kama kiatu, mdomo mdogo wenye meno makali, na mwiba mgongoni anaousimamisha akishikwa. Kikande anampindua nungunungu, anafikia upande wa mdomo ambako miiba ni mifupi, anavunja gamba na kula. Lakini huyo huyo kikande anaingia kwenye dema kirahisi. Uvuvi ukizidi, yeye ni kati ya wa kwanza kupotea, na kurudi kwake kunachukua miaka mingi mno.

Nungunungu asiye na adui anazaa mpaka chakula kinamwisha. Mwani ukiisha anaendelea kukwangua mwamba wenyewe, na mwamba unamomonyoka kuliko unavyojengwa. Kwenye maji tulivu ya pwani ya Mombasa, watafiti waliona pia nungunungu wa miiba mifupi wakila nyasi za baharini mpaka kuacha mabaka ya mchanga mtupu. Nyasi hizo ndizo malisho ya tasi na mahali pa kukulia samaki wadogo, kwa hiyo hasara inamrudia mvuvi.

Mkulima wa korosho anaijua hadithi hii. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani na kukung'ata wakati wa kuokota, wanawinda mbu wa mikorosho. Watafiti wa Naliendele wamewahi kuwafanyia majaribio kama walinzi wa mikorosho. Ukipuliza sumu ya wadudu hovyo, unaua mbu na unamuua majimoto. Mbu anarudi haraka, majimoto harudi haraka. Msimu unaofuata unahitaji sumu zaidi. Kikande ni majimoto wa baharini.

Kwa hiyo kijana akiniambia "nungunungu wamejaa pale, tuwapunguze," namwuliza: nani aliyeondoka mpaka wakajaa? Kuwaokota tu bila kumrudisha anayewala ni kufyeka magugu bila kung'oa mizizi. Pengine utaupa mwani nafasi ya kutawala badala yao, kama samaki wala mwani nao wameshavuliwa.

Wakiisha, magugu yanatawala

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1983 ugonjwa uliingia kwenye nungunungu wa miiba mirefu myeusi katika Bahari ya Karibi, ng'ambo kule Amerika. Ulianza kuonekana Panama, na kwa takriban mwaka mmoja ulikuwa umepita karibu bahari yote ile. Zaidi ya asilimia 90 ya nungunungu hao walikufa. Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi, nungunungu ndiye aliyekuwa amebaki kufanya palizi. Alipoondoka, mwani ulifunika matumbawe, na miamba mingi ya kisiwa hicho ikageuka kuwa vichaka vya mwani.

Angalieni vizuri hapo. Kenya tatizo lilikuwa nungunungu wengi mno. Jamaika tatizo lilikuwa kuisha kwao. Pande zote mbili mzizi ulikuwa uleule: samaki walivuliwa bila kipimo, kazi yote ikabaki kwa mnyama mmoja. Shamba linalotegemea mtu mmoja, siku akiugua, hakuna kazi.

Na kwa nini hawakurudi haraka? Hawa hawapandani kama mbuzi. Dume anamwaga mbegu majini, jike anamwaga mayai majini, na vinakutana humo humo. Wakiwa karibukaribu, mayai mengi yanapata mbegu. Wakiwa mmoja hapa na mwingine mita nyingi mbele, mbegu inapotea kwenye maji. Ni kama mahindi: panda mashina machache yaliyotawanyika, utavuna magunzi yenye mapengo. Ndiyo maana kusema "tutaacha wachache wazae" si hesabu ya kuaminika kwa mnyama huyu. Wachache waliotawanyika ni karibu sawa na hakuna.

Ugonjwa huu haujaisha

Mwaka 2022 vifo vilirudi Karibi. Safari hii watafiti walimpata mhusika: kijidudu cha seli moja chenye vinyweleo, kisichoonekana kwa macho. Mwaka huohuo nungunungu wa miiba mirefu walianza kufa upande wa mashariki wa Bahari ya Mediterania, karibu na Ugiriki na Uturuki. Mwaka 2023 vifo vikaonekana Bahari ya Shamu, kisha kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska. Mnyama anayeonekana mzima anaweza kubaki gamba tupu ndani ya siku mbili hivi.

Réunion iko kwenye Bahari ya Hindi ya magharibi, bahari hii hii yetu. Nungunungu wa miiba mirefu wanaokufa huko ni wa jamii inayopatikana pia kwenye pwani ya Tanzania. Sisemi haya kuwatisha. Nayasema kwa sababu anayetaka kujenga biashara juu ya mnyama huyu, kwanza ajue kwamba kuna ugonjwa wake unaotembea, na hakuna dawa unayoweza kupuliza baharini.

Kuna na joto. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, maji ya bahari hii yalipata joto kali na matumbawe ya sehemu nyingi yakapauka. Halafu bahari inafyonza hewa ya kaboni inayotoka kwenye moshi wa viwanda na magari, na maji yanazidi kuelekea kwenye tindikali. Ninyi mnaelewa hilo kuliko watu wengi: salfa tunayopuliza kwenye mikorosho mwaka baada ya mwaka inaongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga. Gamba la nungunungu ni chokaa, na chokaa na tindikali havikai pamoja. Watoto wake, ambao huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini, ndio wanaopata shida zaidi kujenga kiunzi chao.

Dili lililokufa: mfano wa Maine

Turudi kwenye zile video. Ni kweli Wajapani wanakula sehemu ya ndani ya nungunungu wa bahari na wanailipia vizuri. Lakini walikuwepo vijana wengine walioiona fursa hiyo kabla yenu.

Jimbo la Maine, Marekani, lilikuwa na nungunungu wengi ambao wavuvi wa kamba waliwaona kero tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko la Japani likafunguka. Watu wakanunua vifaa vya kuzamia, maboti na magari ya kubebea mzigo. Mwaka 1993 walivuna zaidi ya tani 18,000. Hapo ndipo ilipokuwa kilele. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka mwaka hadi mwaka mpaka kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya yale ya 1993.

Walipoacha kuvuna, wanyama hawakurudi kama ilivyotarajiwa. Mwani mkubwa uliota palipokuwa pameliwa, kaa wakajificha humo, na kaa hao wakawa wanakula nungunungu wachanga. Shamba liligeuka likawa la mwingine. Waliopata hela ni walioingia mwanzo. Walioingia mwisho walibaki na vifaa na madeni.

Na hapa nyumbani tuna mfano wa ndugu yake. Jongoo bahari alitakiwa sana na wafanyabiashara wa Asia. Watu waliokota mpaka kwenye kina cha kuzamia, wakawa adimu, na Tanzania Bara ikapiga marufuku kuwavua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiona mnyama wa baharini anaokotwa kwa mkono, hakimbii, na bei yake inapanda, fahamu kwamba ataisha haraka kuliko unavyofikiri.

Hesabu ya kijana wa Chilangala

Tuiangalie kama biashara, kama tunavyofanya na shamba.

Kwanza, kinachouzwa ni sehemu ndogo tu ya mnyama. Zilizobaki ni miiba, gamba na maji. Ubebe ndoo nzima kupata kiasi cha kikombe.

Pili, bidhaa hii inaharibika upesi. Inataka ubaridi kuanzia inapopasuliwa mpaka mezani kwa mlaji, tena kwa siku chache. Korosho ghafi inakusubiri ghalani kwa wiki na miezi. Hii haikusubiri hata foleni ya stendi.

Tatu, ubora unategemea mnyama alikula nini. Kwenye mwamba waliojaa kupita kiasi, wana njaa, na ndani hamna kitu. Kwa hiyo pale unapowaona wengi ndipo huenda wasiwe na thamani. Watu wengi hawalijui hili.

Nne, sheria. Maji ya Msimbati na jirani zake yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huwezi kwenda kuokota tu. Hata nje ya hifadhi, uvuvi na usafirishaji wa mazao ya bahari una leseni na vibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Tano, atakayekuja na mzani wake na kusema "kusanyeni, mimi nanunua yote" bila mkataba, bila leseni ya kuonyesha, huyo tunamjua. Huyo ni kangomba aliyebadilisha zao.

Kama bahari inakuvuta kweli, angalia kilimo cha mwani, au ufugaji wa jongoo bahari wanaotokana na vifaranga vilivyozalishwa, si waliookotwa. Anza kwa afisa uvuvi wa wilaya husika na kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za bahari, maarufu kama BMU. Nenda ukajifunze kwa msimu mmoja kabla ya kutoa shilingi. Hapo unakuwa mkulima. Kuokota kilichopo mpaka kiishe si kilimo.

Sisi wa juu tunahusikaje na bahari?

Mtu atasema, sisi tuko uwandani, bahari iko zaidi ya kilomita 100 huko. Ni kweli, lakini maji yetu yanafika. Uwanda wa Makonde umekaa kati ya mito miwili: Lukuledi upande wa kaskazini, Ruvuma upande wa kusini. Mvua kubwa ikipiga shamba lililofyekwa likaachwa wazi kwenye miteremko ya Newala, udongo ule wa juu unashuka bondeni, unaingia mtoni, na Ruvuma inaumwaga baharini jirani kabisa na Ghuba ya Mnazi. Tope likizidi linafunika matumbawe na kuzuia mwanga. Shamba limepoteza rutuba, na mwamba umepoteza mwanga. Hasara mbili kwa mvua moja.

Na njia ya pili ni sahani zetu. Samaki wanaoliwa Newala na Masasi wanatoka pwani. Mwanunuzi ndiye anayeamua nini kivuliwe. Kwa miaka mingi pwani ya Mtwara imeteswa na uvuvi wa baruti, ambao kwa mlio mmoja unaua kikande, changu, vifaranga vyao, na kuvunja mwamba walimoishi. Mvuvi wa baruti anahitaji mteja tu ili aendelee.

Mambo ya kufanya kuanzia msimu huu

1. Shamba la mteremko, chimba makingamaji na fuata kontua. Usichome mabaki yote ya palizi. Yaache yafunike udongo mpaka mvua za kwanza zipite.

2. Vyombo vya kupulizia dawa visioshwe mtoni wala kwenye lambo. Maji ya kusuuzia yapulizie shambani humohumo. Chupa tupu zitoboe na uzitunze mbali na maji kwa maelekezo ya kopo lenyewe.

3. Kagua mikorosho kabla ya kupuliza sumu ya wadudu. Ukikuta majimoto wengi na mashambulizi kidogo, subiri na ukague tena. Usimuue mlinzi kwa kosa la mwizi.

4. Ukinunua samaki mbichi, mfungue. Nyama iliyolegea sana, uti wa mgongo uliovunjika na damu iliyovilia ndani ni dalili za baruti. Mwache na mzigo wake.

5. Usimwagize mchuuzi akuletee kikande. Samaki wa kula wapo wengine. Wa kuilinda miamba dhidi ya nungunungu ni wachache.

6. Kikundi kikitaka kuwekeza pwani, njooni ofisini kwanza na maandishi ya huyo mnunuzi. Tutayasoma pamoja na kumtafuta afisa uvuvi kabla hela haijatoka.

Wengi wanaouliza habari za nungunungu wa bahari wanataka kujua kama ni adui au rafiki. Mimi nawaambia swali hilo halitoi jibu, baharini wala kwenye mikorosho. Uliza anakula nini, nani anamla, na wote wawili bado wapo? Ukishajua hayo matatu, utajua la kufanya na hela yako.

Nawatakia maandalizi mema ya mashamba. Mwenye swali anikute ofisi ya kata siku za kazi, au shambani kwake akinialika.